Ofa ya Kazi Si Ukaazi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Mashua



Siku hizi ukikaa barazani baada ya swala ya isha, iwe ni Pate, Siyu, Faza au Kizingitini, mazungumzo hayachelewi kufika Kanada. Huyu ana binamu yake Toronto, yule ana namba ya ajenti wa Mombasa, na mwengine anaonyesha kwenye simu barua yenye nembo na muhuri, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Barua inasema amepata kazi, na kwamba baada ya muda mfupi atapewa ukaazi wa kudumu, yeye na mkewe na wanawe. Kilichobaki ni ada ya kushughulikia tu: laki na nusu, laki mbili, wakati mwengine laki nne.

Laki hizo kwetu hazitoki benki. Zinatoka kwenye mashua, kwenye injini, kwenye ng'ombe, kwenye shamba la minazi la marehemu babu, au kwenye dhahabu ya mama. Zikipotea, haipotei pesa peke yake. Nyumba nzima hukaa bila chombo cha kutafutia rizki.

Mimi si wakili, wala si ajenti. Nina diploma yangu na nasoma Kiingereza cha ofisini, kwa hivyo jamaa huniletea barua hizi niwasomee. Nimeona ni bora niyaandike mara moja yale ninayowaeleza mmoja mmoja, ili kila mwenye simu ayapate.

Kwanza niseme wazi kwamba sipingi safari. Mapokeo yetu yanasema Manabahani waliotawala Pate asili yao ni Oman, na wazee wetu wamekwenda na kurudi baharini karne kwa karne. Nchi nzima inafaidika na walio nje: mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Safari ni jambo jema. Ninachokihofia ni mtu kuabiri chombo asichojua kinakwenda bandari gani.

KARATASI TATU, SI MOJA

Makosa mengi huanzia hapa. Watu huchanganya vitu vitatu.

Cha kwanza ni ofa ya kazi. Hii ni barua ya mwajiri inayosema yuko tayari kukuajiri, kwa kazi gani, mshahara gani na masharti gani. Inatoka kwa mwajiri, haitoki serikalini. Peke yake haikufungulii mpaka wowote.

Cha pili ni kibali cha kazi pamoja na viza. Hii inatoka kwa serikali ya nchi unayokwenda. Ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mara nyingi imefungwa kwa mwajiri mmoja. Kazi ikivunjika, kibali nacho hutetereka.

Cha tatu ndicho ukaazi wa kudumu. Hii ni haki ya kuishi katika nchi ile bila kutegemea mwajiri yeyote. Ukifukuzwa kazi leo, kesho bado ni mkaazi. Lakini hata huo si uraia. Anayepata ukaazi wa Kanada, kwa mfano, lazima awe ndani ya nchi hiyo siku zisizopungua 730 katika kila miaka 5, la sivyo anaweza kuupoteza.

Kwa hivyo mtu akikwambia "ofa hii ina ukaazi ndani yake," muulize: ni njia gani inayoitoa karatasi ya kwanza mpaka ya tatu, na inachukua miaka mingapi? Asipoweza kuitaja njia kwa jina lake, basi njia hiyo haipo.

UARABUNI: KAZI IPO, UKAAZI HAUPO

Wengi wetu tuna ndugu Saudia, Qatar, Oman au Imarati. Tunawashukuru kwa wanachotuma. Lakini ni lazima ieleweke kwamba mkataba wa kazi wa kawaida Uarabuni hauongozi kwenye ukaazi wa kudumu. Mfumo wa kule umejengwa juu ya kafili: kibali chako kinasimama juu ya mwajiri, na mkataba ukiisha unarudi kwenu, hata ukiwa umekaa miaka 20.

Ni kweli milango fulani imefunguliwa, lakini tazama ni ya nani. Saudia ilianzisha ukaazi maalumu mwaka 2019, na ule usio na mwisho ada yake iliwekwa riyali 800,000. Qatar ilitunga sheria ya ukaazi wa kudumu mwaka 2018, na kwa aliyezaliwa nje ya Qatar inataka awe ameishi kule miaka 20, na wanaopewa kwa mwaka ni takriban 100 tu. Viza ya dhahabu ya Imarati ni ya miaka 10 na imelenga wawekezaji na wenye taaluma za juu. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo ulioundwa kwa ajili ya dereva, mlinzi au dada wa kazi za nyumbani.

Basi anayekwenda Uarabuni aende kwa hesabu ya Uarabuni: miaka 2 au 4, akiba, kisha kurudi. Ajenti anayemuuzia mtu kazi ya Riyadh kwa ahadi ya kuhamia na familia moja kwa moja, anamuuzia maneno.

KANADA: NJIA IPO, LAKINI SI ILE INAYOUZWA

Kanada ndiyo inayotajwa zaidi, na ndiyo inayotumiwa zaidi kudanganyia watu. Kwa hivyo tuiangalie kwa makini.

Mwajiri wa Kanada anayetaka mfanyakazi kutoka nje, mara nyingi lazima kwanza aithibitishie serikali yake kwamba hakumpata mtu wa kule. Hati hiyo inaitwa LMIA. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na mwenye kuilipa ni mwajiri. Haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi gharama hiyo. Ukiambiwa "lipia LMIA yako," hapo hapo umeshajua unazungumza na nani.

Halafu kuna mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015. Huu hupanga watu kwa alama: umri, elimu, lugha, uzoefu wa kazi. Zamani ofa ya kazi ilikuwa ikiongeza alama 50, na kwa vyeo vya juu 200. Watu wakaanza kununua ofa bandia ili wapande. Serikali ya Kanada ikaziondoa alama hizo tarehe 25 Machi 2025. Kwa hivyo anayekuuzia ofa leo kwa sababu "itakuongezea pointi za Express Entry" anauza kitu kilichokwisha thamani. Na kufungua jina katika mfumo huo ni bure. Gharama ziko kwenye mtihani wa lugha, kukadiriwa vyeti, na ada ya serikali baada ya kualikwa.

Njia mojawapo ambayo kwa hakika inaunganisha ofa ya kazi na ukaazi wa kudumu ni ile ya mikoa minne ya pwani ya Atlantiki: Nova Scotia, New Brunswick, Prince Edward Island, na Newfoundland na Labrador. Ilianza kwa majaribio mwaka 2017 na ikafanywa ya kudumu Januari 2022. Huko mwajiri lazima awe amekubaliwa na mkoa wake, na orodha ya waajiri hao iko wazi kwa kila mtu. Kazi iwe ya muda wote, na isiwe ya msimu.

Mikoa hiyo ina viwanda vya samaki, kwa hivyo nimeulizwa na mvuvi wa Kizingitini: "Mbona sisi hatuendi?" Jibu linauma lakini ni bora lijulikane. Njia hii inataka mtu awe na saa 1,560 za kazi ya malipo katika miaka 5 iliyopita, na saa za aliyejiajiri mwenyewe hazihesabiwi. Mvuvi wa chombo chake, hata akiwa amevua kamba tangu utotoni, kwa karatasi zao hana uzoefu. Baharia anayelipwa mshahara na kampuni, mwenye barua na risiti, anao. Juu yake kuna mtihani wa Kiingereza au Kifaransa na cheti cha shule kilichokadiriwa. Na kazi ya samaki ya msimu haiingii kabisa.

UINGEREZA: MLANGO WA WALEZI UMEFUNGWA

Uingereza ina viza ya kazi iitwayo Skilled Worker. Mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini, na orodha ya wenye leseni inachapishwa na serikali bila malipo. Mwajiri humpa mfanyakazi hati ya udhamini, na haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya hati hiyo. Kwa miaka mingi sheria imekuwa kwamba ukifanya kazi miaka 5 kwa viza hiyo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Lakini Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza nia ya kuifanya miaka 10 kwa wengi.

Dada zetu wengi walikuwa wakitaka kwenda kulea wazee. Njia hiyo ilianza kubanwa Machi 2024, pale walezi wapya walipokatazwa kuja na familia. Kisha tarehe 22 Julai 2025 ikafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Siku hiyo hiyo kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya Skilled Worker kilipandishwa kuwa pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi nyingi zikawa zinahitaji elimu ya kiwango cha shahada. Hata hivyo bado ziko barua zinazozunguka pwani zikiahidi kazi ya ulezi Uingereza. Angalia tarehe hizo nilizotaja, kisha iangalie barua uliyonayo.

Lipo pia funzo la wale waliotangulia. Mamia ya waajiri wa sekta ya ulezi walipokonywa leseni. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake amepokonywa leseni kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwengine au aondoke, hata kama yeye mwenyewe hana kosa. Hiyo ndiyo maana ya kibali kilichofungwa kwa mwajiri.

Kwa wauguzi waliosajiliwa mlango bado upo, na Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Lakini mlango huo una kizingiti. Mwaka huo huo Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisema kwamba katika wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Hao walikuwa wauguzi waliosomea kazi kwa Kiingereza.

UJERUMANI: HAKUNA LAKI MBILI NA NUSU

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani, mjini Berlin. Kesho yake barazani kila mtu akawa anasema Ujerumani imetoa nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha hadharani: makubaliano hayana idadi yoyote. Waliokuwa wamekwisha kuanza kwa majaribio walikuwa madereva watano wa basi katika mji wa Flensburg. Watano, wala si elfu tano.

Hata hivyo, kwa maoni yangu Ujerumani ndiyo njia iliyo wazi zaidi kwa kijana wa kisiwani mwenye subira. Ipo njia ya kujifunza ufundi kazini, inaitwa Ausbildung, ambapo mwanafunzi hulipwa posho huku akisoma. Aliyehitimu mafunzo hayo kule na kuajiriwa kama fundi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2. Aliyetoka nje na cheti kilichotambuliwa anaweza kuomba baada ya miaka 3. Ilikuwa 4 mpaka sheria ilipobadilishwa Novemba 2023. Shida ni lugha. Bila Kijerumani hakuna kitu, na Kijerumani hakinunuliwi kwa ajenti. Kinasomwa kwa miezi mingi na mtihani wake hufanywa mbele ya mtahini.

Marekani nayo ina kadi ya kijani kwa njia ya mwajiri, lakini mwajiri lazima kwanza apate uthibitisho kutoka idara ya kazi ya kule, na gharama ya uthibitisho huo ni yake kwa sheria. Kwa kazi zisizohitaji ujuzi mkubwa nafasi hazizidi 10,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, familia zikihesabiwa ndani. Foleni yake ni ya miaka. Anayeahidi miezi mitatu hajui asemalo, au anajua sana.

SHERIA YETU WENYEWE

Watu wengi hawajui kwamba Kenya nayo ina sheria ya jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje lazima uandikwe kwa fomu maalumu, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa huyo anatakiwa ahakikishe kwamba mfanyakazi ameuelewa na ameukubali kwa hiari, bila ulaghai wala vitisho. Ajenti anayekuvusha mpaka bila hatua hiyo anakunyima ulinzi ambao sheria imekupa.

Maajenti nao lazima wasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, inayojulikana kwa herufi NEA. Orodha yao iko kwenye tovuti ya mamlaka. Itafute kampuni kwa jina lake kamili, na uangalie kama usajili wake haujaisha. Nembo ukutani na bendera ya Kanada mezani si usajili.

Usidhani hatari ni ya pesa pekee. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuwaokoa Wakenya walioahidiwa kazi Thailand, wakajikuta Myanmar wamefungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

KARATASI ZA KISIWANI

Sasa nije kwetu. Hata njia ikiwa ya halali, kijana wa Pate hukwama kwenye mambo ambayo angeweza kuyatengeneza mapema na kwa pesa kidogo.

La kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Othman, kitambulisho kinasema Athman, cheti cha shule kinasema Athumani. Kwetu ni jina moja. Kwa afisa wa uhamiaji ni watu watatu. Yalinganishe majina yako yote leo, na ya mkeo na wanao. Yakitofautiana, yarekebishwe ofisini kwanza, kwa kiapo mbele ya wakili au kwa hati ya kubadili jina, kabla ya kuomba paspoti.

La pili ni ndoa. Wengi tumeoa kwa kadhi au kwa shekhe wa mtaa, na karatasi haikusajiliwa. Anayetaka kufuatwa na mkewe lazima awe na cheti cha ndoa kilichosajiliwa.

La tatu ni ujuzi. Fundi wa mashua, mwashi au seremala asiye na cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ambao hupima mikono yake kuanzia gredi ya tatu mpaka ya kwanza. NITA ina kituo Mombasa. Cheti hicho hakimpeleki mtu Kanada kesho, lakini kinamtoa kwenye kundi la wasio na karatasi, na hata asiposafiri kitamfaa katika zabuni za hapa hapa.

La nne ni lugha. Mtihani wa Kiingereza au Kijerumani ndio ukuta wa Kanada, Uingereza na Ujerumani. Pesa anayopewa ajenti ingesomesha lugha watoto wawili wa nyumba hiyo.

MASWALI MATANO

Ukiletewa ofa, kabla ya kutoa hata shilingi mia, uliza haya.

Moja: mwajiri ni nani, na je, nikimtafuta mwenyewe kwa namba au anwani nisiyopewa na ajenti, anaikubali barua hii kuwa yake?

Mbili: jina lake liko katika orodha ya serikali ya nchi ile?

Tatu: njia hii inaitwaje, na inafika kwenye ukaazi au inaishia kwenye kibali?

Nne: kila malipo ninayotakiwa kutoa ni ya nini, ni nani kwa sheria anayepaswa kulipa, na risiti ni ya jina la nani?

Tano: afisa wa leba ameuona mkataba huu?

Ukipata jibu la yote matano kwa karatasi, endelea. Likikosekana moja, ngoja. Na mtu akikuharakisha kwamba nafasi zinaisha leo saa kumi, hilo nalo ni jibu.

Sisi ni Waislamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi vipi tunampa mtu tusiyemjua laki tatu kwa M-Pesa bila hata kikaratasi, kwa sababu tu amevaa kofia na ameanza kwa salamu? Istikhara ni sunna, nayo haimzuii mtu kuuliza na kuhakikisha.

Nina ombi moja kwa wakubwa wetu wa kaunti na wa serikali kuu. Mtu wa Faza anayetaka kuonana na afisa wa leba lazima ateremke Mtangawanda, angoje maji, avuke mpaka Amu, na pengine aambiwe arudi kesho. Ajenti wa uongo yeye humfuata mpaka mlangoni. Afisa mmoja akija kisiwani siku moja kwa mwezi, akakaa skulini au kwa chifu, akasoma barua za watu bila malipo, ataokoa mashua nyingi. Mpaka siku hiyo ifike, kila nyumba yenye kijana anayetaka kusafiri ichague mtu mmoja msomi, awe ni mwalimu, muuguzi au binti aliyemaliza fomu foo, akae na barua hiyo jioni moja na haya maswali matano kabla pesa haijatoka.

Wabillahi tawfiq.